Usiwape lile birika

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako umefika pamoja na zile picha za paja. Nashukuru ngozi imeanza kushika, na nashukuru zaidi kwamba umeuliza kabla ya kutia sahihi mahali popote. Wataka kujua kama unaweza kudai fidia ilhali birika lile la umeme lililokuunguza mpini wake ulipochomoka alilinunua Zuhura, si wewe. Wauliza pia kama ukubali dukani wakupe birika jipya na kukurudishia pesa, na kama yule kijana aliyekufuata wodini akakuachia kadi ya wakili ni wa kuaminiwa. Nitakujibu yote, ila sitafuata mpangilio wako, maana lililo kubwa kuliko yote hukuliuliza.

Lile birika liko wapi sasa hivi?

Kama lingali jikoni, liondoe leo. Litie ndani ya boksi lake pamoja na mpini uliochomoka na kila kipande kilichoanguka, hata skrubu. Usilioshe. Usilijaribu tena eti uone kama bado lachemsha. Na usimruhusu fundi wa mtaani alifungue "atazame kidogo tu". Kabla ya kulifunga, lipige picha kila upande: pale mpini ulipoachana na mwili, kibandiko cha chini chenye modeli na namba, plagi, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kama ipo. Mwambie na Zuhura asiliguse.

Wajua nilikaa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu. Faili za watu walioumizwa na vitu walivyonunua nilizishika kwa mikono yangu, na nimewaona wadai wakisimama kizimbani wakieleza vizuri, makovu yakionekana, karatasi za hospitali zimepangwa, halafu wakili wa upande wa pili akauliza swali moja: chombo chenyewe kiko wapi? Kilirudishwa dukani. Hapo mambo yalianza kuharibika. Sheria yetu yasema anayedai ndiye athibitishe, na pasipo chombo hakuna mtaalamu anayeweza kusema kama mpini ulivunjika kwa sababu plastiki ilikuwa dhaifu tangu kiwandani au kwa sababu mtu aliliangusha birika wiki iliyopita. Watasema mliliangusha. Utajibu nini?

Kwa hiyo swali la dukani limekwisha kujibika. Wanaposema "leta lile bovu tukupe jipya," huenda ni wema na huenda si wema. Matokeo ni yale yale, ushahidi wako unahamia kwao. Na ile karatasi waliyokuambia utie sahihi, naomba uipige picha unitumie kabla ya kufanya lolote. Ikiwa mna maneno kama "malipo kamili na ya mwisho" au "sina dai jingine lolote", basi wanakuomba uuze paja lako kwa bei ya birika. Wajibu kwa upole: pesa za Zuhura wamrudishie Zuhura, birika linabaki kwako, na wakitaka kulikagua waje na mtaalamu wao walitazame wakili wako akiwapo. Kuhusu lile tangazo ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, lisikutishe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara au jeraha lililotokana na kasoro ya bidhaa. Bango la dukani haliwezi kuifuta Katiba.

Sasa hilo la nani alinunua. Umeuliza jambo la maana kuliko unavyodhani, kwa sababu zamani lingekumaliza kabisa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, humbana muuzaji kwa mnunuzi: bidhaa iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi yake, na mnunuzi hana haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Lakini aliyefanya mapatano na duka ni Zuhura. Wewe ulikuwa umesimama tu kando ya jiko ukingoja chai.

Aliyeufungua mlango huo kwa watu kama wewe ni mwanamke maskini wa Glasgow, May Donoghue. Agosti 1928 aliingia na rafikiye katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Uskoti. Rafiki ndiye aliyelipa. Waliletewa aiskrimu na kinywaji cha tangawizi ndani ya chupa nyeusi usiyoweza kuona ndani yake. Alikuwa amekwisha kunywa kiasi, rafiki alipomimina kilichobaki, na kwa maelezo yake akatoka konokono aliyeoza. Akaugua tumbo. Mwenye mkahawa hakuwa na mapatano naye, na kiwanda hakikuwa na mapatano naye. Alipotaka kufika hadi Bunge la Mabwana huko London, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, ilibidi aape kwamba ni fukara asiye na mali ya thamani ya pauni tano, ili aruhusiwe kuendelea bila dhamana ya gharama. Mei 1932 majaji watatu dhidi ya wawili walikubaliana naye: atengenezaye kitu kitakachomfikia mtumiaji kikiwa vile vile kilivyotoka kiwandani ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji huyo, awe ndiye aliyekinunua au siye. Jambo la kuchekesha ni kwamba konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, maana baada ya uamuzi huo walipatana nje. Lakini kanuni ilibaki, na mahakama zetu hapa Kenya huifuata.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza. Njia yako ni madai ya uzembe, pamoja na hiyo haki ya Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Zuhura ana njia yake ya mnunuzi, na kwako yeye ni shahidi: risiti yake na ule ujumbe wa M-Pesa aliolipia ndivyo vinavyolifunga birika na duka lile. Auhifadhi na kuuchapisha ungali kwenye simu. Kiwanda kiko ng'ambo, na kukifuata huko ni kujichosha. Mtu wa kumtafuta ni mwagizaji, yule aliyeliingiza birika nchini, na jina lake mara nyingi limechapwa kwenye boksi. Ndiyo sababu nimekuambia boksi lisitupwe.

Kitu kimoja usimfiche wakili: mlitia maji kiasi gani? Kama mlipita ile alama ya mwisho, sema. Watu hudhani kosa dogo lao linaua kesi yote. Haliui. Mahakama ikiona umechangia, hupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wako. Kinachoua kesi ni kukanusha, halafu picha au shahidi akaonyesha vingine.

Tuje kwa kijana wa wodini. Kadi yake itupe. Kanuni za mawakili wetu haziwaruhusu kuwinda wateja, wala kumtuma mtu awawindie, na wakili anayeanza kwa kuvunja kanuni za kazi yake sina sababu ya kumwaminia kazi yako. Wasema alikuahidi hutatoa hata senti mpaka mshinde, kisha mgawane. Najua umeyaona hayo kwenye filamu. Marekani ni jambo la kawaida na halali. Hapa kwetu Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inayabatilisha mapatano ya kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda. Wapo wanaoyafanya kichinichini. Tatizo ni kwamba fidia mara nyingi hupitia akaunti ya wakili kwanza, na siku ya kugawana utabishana naye ukiwa huna karatasi ya kusimamia.

Tafuta wako mwenyewe. Jina lake litafute kwenye mtandao wa Chama cha Mawakili, LSK, uone kama ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, maana hutolewa mwaka kwa mwaka. Kisha muulize amewahi kushughulikia jeraha lililotokana na bidhaa, au yake yote ni ajali za barabarani. Ajali za matatu wengi wanazijua kwa moyo. Huku kwingine kunahitaji mtu anayejua kumtafuta mwagizaji na mtaalamu wa kukagua plastiki. Wala usimkimbie aliyewahi kushindwa. Yule wakili wa Donoghue, Walter Leechman, alikuwa ametoka kushindwa kesi za panya waliodaiwa kuonekana ndani ya chupa za kinywaji hicho hicho, na wiki chache tu baadaye akafungua ile ya konokono. Nampenda sana mtu huyo. Mapatano ya ada yaandikwe, na yatenganishe malipo ya wakili na gharama nyingine: ada za kufungulia kesi, ripoti ya daktari, mkaguzi. Ukishinda, kwa kawaida aliyeshindwa hulipa gharama za kesi, lakini usidhani zitafunika kila ulichotoa. Ukishindwa, mzigo huo huenda ukakuangukia wewe. Wakili asiyekuambia hilo siku ya kwanza, muage.

Kama fedha hazitoshi, nenda Kituo cha Sheria, wamekuwa wakiwasaidia wasiojiweza tangu 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo. Ile ya Milimani, Nairobi, ilianza 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, fidia ya majeraha ya mwili ikiwemo, na sheria inataka imalize shauri ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe na kujieleza kwa Kiswahili. Mimi ningeitumia kama mwagizaji atakubali kwamba mpini ulikuwa mbovu na mabishano yakabaki ya kiasi. Akikataa katakata, akaja na mawakili wake na mtaalamu wake, usiende peke yako. Na daktari akisema utahitaji kupandikizwa ngozi, usikimbilie kujifunga kwenye hiyo milioni moja kabla ya kujua matibabu yatafika wapi.

Umeniuliza utapata kiasi gani. Siwezi kukutajia, na atakayekutajia leo anakudanganya. Naweza kukueleza inavyohesabiwa. Kuna fedha ulizotoa mfukoni, na hizo mahakama haitoi kwa kukadiria: zitajwe moja moja katika hati ya madai na kila moja iwe na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa, bandeji, kliniki, hata boda boda ya kwenda kubadilisha kidonda, lipa kwa M-Pesa uwe na kumbukumbu. Siku ulizokosa kazini, mwajiri wako aziandike kwa barua. Halafu kuna fidia ya maumivu na kovu, ambayo hakimu huipima kwa kutazama wengine wenye majeraha kama yako walipewa nini. Hapo ndipo ripoti ya daktari na picha za kila wiki zitakapofanya kazi. Endelea kupiga, hata ukiona kidonda kinachukiza.

KEBS wapelekee malalamiko kwa maandishi, na nakala kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia malalamiko ya watumiaji, kwa sababu mabirika mengine ya aina hiyo yangali kwenye rafu. Usitarajie fidia kutoka kwao. Hiyo si kazi yao. Wakitaka birika lako kwa uchunguzi, waombe wachukue la aina hiyo hiyo dukani. Wakishikilia hilo hilo, likabidhiwe kupitia wakili, kwa hati yenye jina na sahihi ya aliyelipokea.

Kwa madai ya uzembe una miaka mitatu tangu siku ulipoungua. Zuhura, kwa upande wa mapatano ya ununuzi, ana sita. Usiizoee hiyo miaka. Duka hufungwa, simu hupotea, na muuzaji aliyewahudumia huhamia mji mwingine. Kabla ya kufungua kesi, wakili atawaandikia barua ya madai na kuwapa muda wa kujibu. Wengi hulipa hapo hapo, na wakileta kiasi cha maana hakuna aibu kukubali, mradi daktari amekwisha kusema kidonda kitaishia wapi.

Nimekutumia pesa za ripoti ya daktari. Risiti iandikwe jina lako, si langu. Na jioni hii nisomee yaliyoandikwa ubavuni mwa boksi, yote, hata yale ya herufi ndogo. Nataka jina la mwagizaji.

Mamako