Mwarobaini unaoingia msituni: tuukate au tuuache?

Swali: Assalaam aleikum, mtaalamu. Ninaishi Kisauni, lakini familia yetu ina shamba Rabai, na shamba hilo linapakana na msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Marehemu babu alipanda miarobaini miwili karibu na nyumba kwa ajili ya dawa na kivuli. Sasa miche yake imejaa hadi ukingoni mwa msitu, na mzee mmoja wa kaya ametutaka tuiondoe yote kwa kuwa inaua miti ya asili. Je, mti wenye manufaa kama huu unaweza kweli kuwa mmea vamizi? Na mbona kila tukiukata unachipua tena?

Jibu: Waaleikum salaam. Wasiwasi wa mzee huyo una msingi, ingawa dawa aliyoitoa ni kali kuliko inavyohitajika.

Asili ya mwarobaini ni Bara Hindi na nchi jirani ya Myanmar. Ugeni peke yake si hoja, kwani mwembe na mkanju pia ilivuka bahari na hakuna anayeilalamikia. Mmea huitwa vamizi pale unapojieneza wenyewe, bila kupandwa na mtu, hadi ukainyima mimea iliyokuwapo nafasi, mwanga na maji. Mwarobaini una uwezo huo. Mti uliokomaa unaweza kuzaa hadi kilo 50 za matunda kwa mwaka, na tunda lililoiva, la manjano, lina nyama tamu ambayo popo na ndege huipenda. Hulibeba, wakala nyama, wakaangusha kokwa chini ya mti wanaotua. Kwa hiyo chunguzeni ukingo wa msitu wenu: huenda mkakuta miche imesongamana chini ya mbuyu au mbambakofi mmoja, ilhali hatua chache kando hakuna hata mmoja.

Mche huo huvumilia kivuli ukiwa mdogo. Mti mkubwa ukianguka na jua likafika chini, mwarobaini hukimbia kwenda juu, huku mbambakofi na muhuhu, miti ya kukua polepole, ikiachwa nyuma. Wadudu wengi nao hawaugusi, kwa sababu ya zile kemikali chungu ambazo wakulima wetu huzitafuta wanapotwanga mbegu zake ili kunyunyizia sukuma wiki. Katika msitu mpana hasara hiyo ingechukua muda kuonekana. Kaya za Mijikenda, zilizoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ni vipande vidogo vilivyotawanyika kando ya pwani kwa takriban kilomita 200, na kipande kidogo karibu chote ni ukingo: kila pengo linalozibwa na mgeni ni pengo ambalo mti wa asili, pamoja na ndege na wadudu wanaoutegemea, hautalipata tena kwa urahisi.

Manufaa hayauzuii mti kudhuru. Mathenge, mti wa miiba ulioharibu malisho Baringo, uliletwa kwa nia njema kabisa. Mbegu za kwanza zilipandwa mwaka 1973 hapa hapa karibu na Mombasa ili kufufua machimbo ya mawe.

Kuhusu kuchipua, mwarobaini huweka akiba kwenye mizizi, na kisiki kilichokatwa mara moja hutoa machipukizi mengi kuliko shina la awali. Miche midogo ing'oeni kwa mkono wakati wa masika, udongo ukiwa laini, na mhakikishe mzizi mkuu umetoka wote. Iliyopita unene wa kidole gumba chimbeni kwa jembe. Mikubwa ikateni kabla matunda hayajageuka manjano, kisha mrudi kila baada ya wiki chache kuvunja machipukizi hadi kisiki kife. Kazi hii inachosha, lakini ina mwisho, kwa sababu mbegu za mwarobaini hufa baada ya miezi michache tu na hazibaki udongoni miaka mingi zikisubiri.

Miti miwili ya babu ningeiacha, kwa sharti kwamba matawi yenye maua yakatwe kila mwaka kabla hayajazaa. Majani ya dawa mtaendelea kuyapata. Kuokota matunda yaliyoanguka hakutoshi, kwa kuwa popo huyachuma mtini usiku. Kama hamtaweza kushika sharti hilo kila mwaka, basi mzee ana haki, na miti hiyo nayo iondolewe.

Msiingie ndani ya kaya kukata chochote, hata kama ni mwarobaini. Msitu huo unalindwa kisheria, na kazi ya humo hupangwa na wazee wa kaya pamoja na Makavazi ya Kitaifa. Upande wenu wa mpaka, mahali mlipong'oa pasiachwe wazi, kwani miche mingine itapakalia. Pandeni mbambakofi au mkwaju kutokana na mbegu zilizookotwa Rabai penyewe, na muipalilie miche hiyo miaka ya mwanzo hadi kivuli chake kifunge.