Deka mbili, watu sita, mafua yale yale

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, na ninaishi bwenini katika chumba chenye vitanda viwili vya deka ambamo, kwa sababu ya kubebana (kulala kitanda kimoja na mwenzako aliyekosa nafasi bwenini), tunalala watu sita. Tangu muhula uanze tumeugua homa ya mafua kwa zamu, nami nimeugua mara mbili. Tumeweka ndoo ya maji yenye koki pamoja na sabuni mlangoni, lakini hali haijabadilika. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Ndoo hiyo msiiondoe, kwa kuwa virusi vya homa ya mafua vinaweza kudumu juu ya kitu kigumu, kama kitasa au simu, kwa saa 24 hadi 48, na mikono ndiyo inayovifikisha machoni na puani. Hata hivyo, ndoo huziba njia moja tu. Nyingine ni matone na chembechembe anazotoa mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au hata anapozungumza, na watu sita waliolala katika chumba kidogo kilichofungwa huvuta hewa hiyo hiyo usiku kucha. Ninafahamu kwa nini madirisha hufungwa: mbu na wezi. Ningependa mchangie wavu wa dirisha kabla hamjanunua chupa nyingine ya kitakasa mikono. Wanaobebana walale kwa kupishana, kichwa cha mmoja kielekee miguuni kwa mwenzake.

Kumtafuta aliyeleta ugonjwa, jambo ambalo huzua ugomvi vyumbani, ni kazi bure. Dalili hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya mtu kuambukizwa, naye huanza kuwaambukiza wengine takribani siku moja kabla hajahisi chochote, kisha huendelea kwa siku 5 hadi 7 tangu aanze kuugua. Kwa hiyo, mmoja akilalamika kuwa mwili unamuuma, chukulieni kwamba chumba kizima kimekwisha kuguswa, na nyote mvae barakoa siku hiyo hiyo. Katika utafiti uliofanywa kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, katika msimu wa 2006–2007, wanafunzi waliovaa barakoa na pia kutakasa mikono walipata dalili za namna hii pungufu kwa asilimia 35 hadi 51 kuliko wasiopewa chochote, nayo tofauti hiyo ilionekana kati ya wiki ya nne na ya sita. Barakoa peke yake haikuleta tofauti ya kutegemewa, na ndiyo maana nasema ndoo ibaki.

Lililo gumu kuliko yote ni kubaki kitandani. Mwanafunzi mwenye homa huenda kubanana na wenzake kwenye kimbweta, yaani meza ya kusomea ya nje, kwa kuogopa kupitwa na jaribio, nami simlaumu sana, maana wapo wahadhiri wasiosikiliza udhuru usio na muhuri. Nenda zahanati ya chuo siku ya kwanza, upimwe na malaria kwa kuwa homa hizi hufanana mwanzoni, uombe ED (cheti cha daktari cha kupumzika), na usirudi darasani mpaka saa 24 zipite bila homa na bila kumeza paracetamol. Chakula akuletee mwenzako.

Kuugua mara mbili si ajabu, kwani aina za virusi hivi ni nyingi, na mafua ya kawaida nayo husababishwa na virusi vingine kabisa. Chanjo ipo, nayo huchomwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Mwenye pumu, selimundu au ujauzito aiulizie mapema.

SWALI: Kila nikishikwa na mafua hununua dawa za rangi mbili duka la dawa, na siku ya tano nimepona. Kuna ubaya? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Ungepona siku hiyo hiyo bila kuzimeza. Dawa hizo ni antibiotiki, nazo huua bakteria, si virusi, na kuzimeza ovyo huwazoesha bakteria waliomo mwilini mwako, hata siku utakapozihitaji kweli zisifanye kazi. Pumzika, kunywa maji kwa wingi, na tangawizi yako endelea nayo kwani hutuliza koo. Lakini ukipumua kwa shida, ukisikia maumivu ya kifua, au homa ikirudi baada ya kupungua, usipitie tena duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.