Nemispesi Si Mbwembwe

Juzi kijana mmoja wa Malindi alinitumia kosa lililomshinda, akaniandikia: "Kaka, gemu yangu ya Unity ni ndogo tu, nemispesi za nini?" Nilicheka. Unity ni programu ya kutengenezea gemu, na nemispesi ni kama jina la ukoo la vipande vya kodi, yaani maandishi ya programu. Swali hilohilo niliulizwa hapa Lamu na wenzangu tuliokuwa tukitengeneza gemu ya mashindano ya mashua. Kodi zangu zote nilizipanga kwa nemispesi: Mashua.Tanga, Mashua.Bahari, Mashua.Menyu. Wakasema najitia usomi. Mmoja akanipachika jina la Profesa, na hadi leo nikipita uwanja wa Mkunguni ndilo ninaloitiwa. Haya.

Baadaye tukanunua paketi ya mawimbi na upepo. Kuiingiza tu, konsoli, yaani dirisha la makosa, ikajaa nyekundu: CS0101, jina limerudiwa. Paketi ilikuwa na klasi (kipande cha kodi chenye jina) iitwayo Wind, nje ya nemispesi yoyote, na mwenzangu naye alikuwa na Wind yake nje vilevile. C#, lugha ya kodi za Unity, haikubali. Ni sawa na kusimama mtaa wa Langoni ukaita "Mohamed!" bila kusema Mohamed wa nani. Na Unity, kosa moja la kukompaili (kugeuza kodi iwe programu) likibaki, gemu nzima huwezi kuijaribu. Mimi pia nilikuwa na Wind, lakini ndani ya Mashua.Bahari, haikuguswa. Aliyekesha akibadilisha majina hakuwa Profesa.

Basi mdogo wangu, anza sasa, gemu ikiwa bado ndogo. Nemispesi haipunguzi kasi ya gemu hata chembe. Kuanzia Unity 2020.2, ukifungua Project Settings, sehemu ya Editor, kuna "Root namespace": andika hapo jina la gemu yako, kila skripti mpya, yaani faili la kodi, itazaliwa nalo. Usiipe klasi jina la nemispesi yake, utajichanganya mwenyewe. Wala usichimbe ngazi tano, mbili zatosha. Vijana tunapenda kukimbilia picha na sauti, kupanga kodi tunaona kazi ya wazee.

Skripti za zamani zihamishe bila hofu: prifabu (vitu vya gemu vilivyohifadhiwa tayari kutumika) huzitambua kwa GUID, namba ya utambulisho iliyo kwenye faili la .meta ambalo Unity huliweka kando ya kila skripti, si kwa jina. Angalia tu palipo na alama ya SerializeReference kwenye kodi, maana hapo jina kamili huhifadhiwa, itabidi uongeze alama ya MovedFrom inayotaja jina la zamani.

Na lile kosa la Random ulilonitumia, CS0104, ni kwa sababu umeita nemispesi mbili pamoja, System na UnityEngine, na zote zina klasi iitwayo Random. Weka juu ya faili: using Random = UnityEngine.Random;