Periheli ya Utaridi inasogea: ni Einstein au ni kosa la hesabu?

Swali: Nimeandika programu inayoiga Utaridi ikilizunguka Jua kwa mbinu ya Verlet, inayokokotoa mahali pa sayari hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa ya saa 6. Nishati inapanda na kushuka kidogo tu bila kupotea, momenta ya mzunguko (kipimo cha nguvu ya mwendo wa kuzunguka) imetulia, na nikirudisha muda nyuma sayari inafika pale pale ilipoanzia. Lakini katika miaka 100 periheli, ile nukta iliyo karibu zaidi na Jua, imesogea zaidi ya nyuzi 10. Je, nimeuona uhusianifu wa Einstein, yaani nadharia yake ya mvutano?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mchango wa uhusianifu ni sekunde 43 za tao kwa karne, na uzi mmoja tu (digrii moja) una sekunde 3,600 za aina hiyo. Tena angalia mwelekeo: periheli yako inarudi kinyume na mwendo wa sayari, ilhali ile ya Utaridi halisi husonga mbele. Na umeweka Jua, sayari moja na kani ya Newton, basi. Hapo njia ni duaradufu isiyogeuka kabisa, kwa hiyo msogeo wote uliouona ni kosa la hatua.

Vipimo vyako vitatu havikuwa na uwezo wa kulikamata. Verlet huhifadhi momenta ya mzunguko kwa kani ya namna hii, huzuia nishati isikimbie, na kwa maumbile yake hurudi ilikotoka ukigeuza muda, hata hatua ikiwa kubwa kuliko inavyofaa. Ukivitegemea hivyo peke yake, unaipima mbinu kwa yale ambayo haiwezi kuyakosea. Kwangu hilo ndilo kosa linaloumiza zaidi katika kazi hii, kwa sababu grafu zinapendeza huku sayari iko mahali pengine.

Endesha tena kwa hatua ya saa 3. Msogeo ukishuka hadi karibu robo, umempata mhalifu: kosa la Verlet hufuata mraba wa hatua. Kisha linganisha mahali pa sayari, siku kwa siku, na jibu la mlinganyo wa Kepler, unaotoa mahali sahihi pa sayari kwenye duaradufu.

Ukitaka kweli kuziona zile 43, ongeza kani ya uhusianifu baada tu ya kosa kushuka chini ya sekunde moja. Kwa hatua ya dakika 11 kosa bado linakaribia 43 zenyewe. Jaribu dakika moja, au hamia Runge-Kutta ya daraja la nne, mbinu nyingine ya kukokotoa hatua kwa hatua, ambayo hatua ikikatwa nusu, kosa la mahali hupungua mara 16 hivi.