Jibu: Rekodi ya Vardy na ya Dunne, ipi ndiyo ipi?

Mkuu, salama. Kama nimekuelewa, umekwama hapa: ukurasa mmoja unasema Jamie Vardy ndiye kinara wa kufunga mechi mfululizo, mwingine unamtaja Jimmy Dunne.

Kabla ya yote tazama mwaka. Ligi Kuu ya England kwa jina hili ilianza 1992. Vardy, mshambuliaji wa Leicester City wakati huo, alifunga mechi 11 mfululizo mwaka 2015, akampiku Ruud van Nistelrooy mwenye 10. Dunne alifunga mechi 12 mfululizo akiwa na Sheffield United msimu wa 1931/32, enzi za Daraja la Kwanza, ligi ya juu England kabla ya 1992. Kwa hiyo zote mbili ni sahihi, ila usiandike "rekodi ya England" ukaishia hapo. Mimi huwa naandika "tangu 1992", na ubishi unakata.

Ile mechi ya 11 ya Vardy itafute uitazame: 28 Novemba 2015 dhidi ya Manchester United. Fuchs, beki wa Leicester, anapenyeza pasi, Vardy keshachomoka nyuma ya mabeki, anamchapa kipa De Gea mpira wa chini kwenda kona ya mbali. Matokeo 1-1.

Maisha yake ya awali usiyaruke, kwangu ndiyo yenye utamu. Sheffield Wednesday walimwacha akiwa na miaka 16, akaangukia Stocksbridge Park Steels, kisha Halifax na Fleetwood, klabu za madaraja ya chini. Leicester walimchukua 2012 kwa pauni milioni 1, akiwa na miaka 25. Miaka minne baadaye, bingwa wa Ligi Kuu.