Nimekwama kwenye maneno 8 ya Morse kwa dakika, nifanyeje?

SWALI: Naishi Kondele, Kisumu. Nimekariri alfabeti yote ya Morse, ile ya milio ya nukta na mistari, kutoka kwenye karatasi, na najiandaa kuingia redio ya ridhaa. Ila kusikia kumenishinda. Kwa maneno 8 kwa dakika napata, wakiongeza kidogo tu naachwa. Je, ni masikio yangu?

JIBU: Masikio yako ni mazima, ndugu yangu. Kinachokukwamisha ni ile karatasi. Ukisikia L, akili inahesabu nukta, mstari, nukta, nukta, halafu inakwenda kuitafuta kwenye orodha. Ukikaribia maneno 10, herufi inayofuata inaingia kabla hujamaliza na ya kwanza. L inatakiwa ikufikie kama mlio mmoja, "didadidi", ikiwa tayari na jina lake.

Kwa hiyo usipunguze kasi ya herufi yenyewe. Weka programu ya mazoezi ipige kila herufi kwa kasi ya maneno 20, kisha urefushe kimya kati ya herufi na herufi. Kwa kasi hiyo nukta ni milisekunde 60 na mstari 180, hakuna anayewahi kuhesabu. Anza na K na M pekee. Ukipata asilimia 90, ongeza ya tatu. Ndiyo njia ya Ludwig Koch, mwanasaikolojia Mjerumani wa miaka ya 1930, na sijaona iliyo bora kwa mtu aliyekwama kama wewe.

Mwanzoni utajiona umerudi nyuma, na hapo ndipo wengi huacha. Tafadhali usiache. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kila siku, zinashinda saa tatu za Jumamosi, kwa sababu sikio likichoka huanza kubahatisha. Herufi ikikupita, acha pengo uendelee. Ukibaki unaiwaza, zitakupita tatu nyingine. H na 5, au V na 4, zitakusumbua kwa muda mrefu kuliko nyingine. Ni kawaida.

Ukiwa na redio ya masafa mafupi yenye CW, yaani inayoweza kupokea Morse, sikiliza kilohezi 14,100. Kuna mtandao wa vituo 18 vya kupimia mawimbi, kila kimoja na sekunde zake 10, mzunguko mzima dakika 3. Vinapiga jina lao kwa maneno 22 kwa dakika, kisha mistari minne mirefu inayofifia kutoka wati 100 hadi 0.1. Kenya ina chake, 5Z4B, ingawa kutoka Kisumu huenda mawimbi yakakuruka na ukawasikia wa mbali kwanza.

Jioni mvua ya ziwani ikijikusanya, mikwaruzo ya radi itafunika kila kitu. Usijaribu kupambana nayo: chomoa antena mapema, ufanye mazoezi kwa simu.

Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ikitoka, piga kwa kasi unayoweza kupokea, maana wengi hukujibu kwa kasi uliyowaitia. Wakikuzidi, tuma QRS, yaani "punguza kasi", nao watapunguza mwendo.