Dada uliyetuma ile kodi ya WhatsApp, wahi sasa hivi

Pole sana dada uliyeandika kwamba WhatsApp yako imeibiwa na tapeli anaomba watu wako hela kwa jina lako. Ile kodi ya tarakimu 6 uliyomtumia "shoga yako" ndo ilikuwa funguo, maana na yeye alishaibiwa akaunti kabla yako, ilimkuta mdogo wangu hivihivi. Kwanza wapigie simu ya kawaida ndugu na wale wa kikoba wasitume hela yoyote. Halafu sajili namba yako upya WhatsApp, kodi ikija kwa meseji iweke mwenyewe, jamaa anatolewa palepale. Ikidai PIN (namba ya siri ya ziada ya WhatsApp) usiyoijua basi kaweka yeye, itabidi usubiri siku 7 ila na yeye hayumo tena. Ukirudi weka PIN yako. Namba ya tapeli tuma 15040, namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania, na aliyekwisha tuma hela apigie mtandao wake haraka wazuie muamala, kisha aende polisi.